Kliniki Iliyohamia Mashambani

Niliporudi Ifakara na shahada yangu ya uchumi, watu wa mtaani kwetu walisubiri waone nitaajiriwa na benki ipi. Waliposikia nimepata kazi ofisi ya afya ya wilaya, jirani mmoja alikuja kumpa mama yangu pole. Alidhani nimefeli mahali fulani, nikaangukia kwenye kufagia wodi. Mama hakupenda kuonewa huruma hata kidogo. Akamjibu kwamba binti yake ni daktari wa hesabu. Jina hilo likanishika. Kwa muda mrefu nilikuwa nasimamishwa njiani kwenda sokoni na watu waliotaka kujua kama kweli hesabu nazo huugua.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mganga mkuu aliyeniajiri alikuwa mtu mrefu, mzaliwa wa milima ya baridi na migomba mbali na kwetu, ambaye hakuwahi kulizoea joto la bonde letu. Alikunywa chai ya tangawizi kutwa, akijipepea kwa jalada la faili. Siku yangu ya kwanza alinikaribisha kwenye chumba changu, ambacho nusu yake ilikuwa imejaa maboksi ya mabomba ya sindano, akanieleza kazi kwa maneno machache.

“Nina gari moja, mafuta ya kudokoa, na bonde zima linaniita,” alisema. “Kila diwani anataka gari liende kwake. Wewe niambie liende wapi ili watoto wengi zaidi wafaidike. Na nikiulizwa kwa nini, nataka niwe na jibu lisilokuwa kwamba diwani fulani ni rafiki yangu.”

Gari lenyewe lilikuwa la kliniki ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu vijijini kwao badala ya kuwangoja hospitali. Ndani yake mlikuwa na dereva, nesi mmoja, sanduku la chanjo lililopangwa barafu, mizani ya kupimia watoto na vidonge vya maradhi ya kawaida. Nesi wetu alikuwa mama wa makamo kutoka vilima vya Mahenge, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mwanangu, na mchumi alipotaka kunitania.

Nikaanza kupanda gari hilo kila lilipotoka. Niliandika mafuta yaliyotumika, muda wa njiani, posho za watumishi, chanjo zilizotolewa na zilizomwagwa. Jioni nilikaa na karatasi zangu nikagawanya gharama ya kila safari kwa idadi ya watoto waliohudumiwa. Ilikuwa kazi rahisi, kusema kweli, lakini hakuna aliyewahi kuifanya pale, na mimi niliifurahia kama mtu aliyekabidhiwa shamba lake la kwanza.

Jibu la mwanzo lilikuja wazi. Vijiji vya kando ya barabara vilikuwa rahisi kuhudumia, na Mkula ndiyo ilikuwa rahisi kupita vyote. Pale dereva alipiga honi tu, akina mama wakatoka na watoto mgongoni, wengine wakiwa wameacha nyanya zao zinajiuza zenyewe kando ya njia. Upande wa bondeni mambo yalikuwa mengine. Matope, mito midogo isiyo na daraja, gari kukwama, siku nzima kuliwa na safari moja. Mtoto mmoja wa bondeni aligharimu kama watoto wengi wa barabarani.

Nilipompelekea mganga mkuu matokeo, alisoma mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

“Kwa hiyo mtoto wa bondeni ni ghali mno kumhudumia,” alisema.

Nikamwambia hesabu hazisemi hivyo. Zinasema tu kwamba kwa mafuta yale yale tungeweza kuwafikia watoto wengi zaidi barabarani.

“Zinasema hivyo hivyo,” akajibu, “ila kwa heshima.”

Hakuwa amenikasirikia. Alinirudishia karatasi akaniomba niendelee mwaka mzima kabla hatujahamisha lita hata moja. Nashukuru alifanya hivyo, maana mvua zilipoanza hesabu zangu zikaanza kugeuka mbele ya macho yangu.

Masika ilipokolea, Mkula ya honi moja ikawa kijiji kingine. Tulifika, dereva akapiga honi, akatoka mbuzi. Akapiga tena, akatoka babu mmoja aliyetupungia mkono kwa adabu akarudi ndani. Watoto wa shule walikuwepo, wazee walikuwepo, lakini akina mama wenye watoto wachanga walikuja wachache sana. Vijiji vingine vya barabarani vilikuwa vivyo hivyo.

Jambo lililomuumiza nesi zaidi lilikuwa chanjo ya surua. Chanjo ile ilikuja kama unga ndani ya kichupa, na kichupa kimoja kiliwatosha watoto kumi. Ukishauchanganya ule unga na maji yake, ni lazima uitumie siku ileile, inayobaki inamwagwa. Kwa hiyo nesi alifungua kichupa kwa ajili ya watoto wawili watatu, kisha jioni akamwaga iliyobaki, uso umekunjamana kama mtu anayemwaga mchuzi wa kuku. Nilipogawanya gharama za miezi ile, mtoto wa Mkula alikuwa amepanda bei kumkaribia mtoto wa bondeni.

Mgeni mmoja aliyetoka mkoani kutukagua alisema mvua huwafanya akina mama wavivu, akashauri tutafute kipaza sauti, gari lipite likiwaelimisha. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa meza nikijizuia kucheka. Nilijua vizuri akina mama wale walikuwa wapi, kwa sababu utotoni, kabla hatujahamia mjini, na mimi nilikuwa nao.

Kwetu bondeni mtu ana nyumba mbili. Moja iko kijijini, yenye mlango na kufuli. Ya pili iko shambani kwenye mpunga, mwendo mrefu kutoka barabarani, nayo ni dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini. Mvua zikianza, mama yangu alifunga nyumba ya kijijini, akabeba sufuria, akatia kuku kwenye tenga, tukahamia shambani mpaka mavuno. Nimelala kwenye dungu masika nyingi. Nimeamia ndege mpaka sauti ikakauka, nikigonga debe ili wasile mpunga wetu. Na kwa miezi yote hiyo sikuwahi kumwona nesi hata mmoja akipita huko.

Nikamweleza mganga mkuu kwamba gari linakwenda mahali watu walipotoka, badala ya mahali walipo. Hakunibishia, ila pia hakukubali kwa maneno matupu. Alikuwa mtu wa kuona.

“Nionyeshe,” akasema.

Tulichagua mashamba yaliyo mbele ya kijiji cha Michenga, kwa sababu huko walikutana wakulima wa vijiji vingi. Shida ya kwanza ilikuwa namna ya kuwapa habari. Nesi ndiye aliyemkumbuka mwenye duka mmoja wa pale Ifakara, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, aliyekuwa na mazoea ya kupeleka chumvi, sabuni na mafuta ya taa mashambani kila masika kwa baiskeli na mtumbwi. Alikuwa akimjua kila mtu na dungu lake. Alitusikiliza, akauliza siku, akasema tusijali. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa akitangaza kliniki yetu na sabuni yake kwa pumzi moja, hata baadhi ya watu walikuja wakidhani ukinunua kipande unapimiwa mtoto.

Tulitoka asubuhi. Gari lilitufikisha lilipoweza, kisha tukashuka. Nesi alijitwisha mizani, mimi nikabeba sanduku la chanjo, tukafika kwenye mkono wa mto uliofurika ambapo palikuwa na mtumbwi unatungoja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mama yule shujaa, aliyekuwa akizalisha wanawake bila mkono kutetemeka, aliogopa maji kuliko kitu chochote. Alisimama ukingoni akiutazama mtumbwi kwa muda.

“Mchumi,” aliniambia kwa sauti ya chini, “kwenye gharama zako umeniandika na mimi?”

Nikamwambia nimeandika posho yake. Akasema posho haitoshi, niandike na roho. Kisha akapanda, akakaa chini kabisa, akafumba macho, akaanza wimbo wa Bikira Maria. Mpiga kasia naye aliujua, akaitikia. Tukavuka hivyo, mimi nikiwa nimekumbatia chanjo, wao wakiimba sauti mbili.

Tulipotokea upande wa pili, mpunga ulikuwa umesimama kijani mpaka macho yanapokoma, madungu yamechomoza humo kama visiwa. Sikuona watu. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba nimemtia nesi kwenye maji bure. Ndipo mtu mmoja kwenye dungu la karibu akatuona, akapaza sauti kwenda shamba la pili, la pili likapeleka la tatu, na ule mwito ukatutangulia kwa kasi kuliko tulivyotembea. Tulipofika kwenye dungu kubwa tulilopangiwa, akina mama walikuwa wameshajaa chini yake na wengine walikuwa wakitokea kwenye vijia vya kati ya majaruba ya mpunga, kanga zimepandishwa hadi magotini, watoto mgongoni.

Mizani tuliitundika kwenye boriti ya dungu. Watoto wakatiwa kwenye suruali ya kitambaa inayoning'inizwa kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine, wakaning'inia wakilia. Mwenye shamba la jirani, aliyekuwa ameacha jembe ili atazame, aliuliza kama tunanunua kwa kilo, maana yeye ana watatu na wote wanakula sana. Mke wake akamwambia aanze kujipima yeye. Nesi alikuwa amesahau maji kabisa. Alichoma sindano, akasifia mapaja, akafoka, akacheka, na mimi niliandika majina mpaka vidole vikakakamaa. Wengi wa watoto wale hawakuwa na chanjo ya surua. Wengine hawakuwa na chanjo yoyote, walizaliwa shambani na wakakulia shambani.

Jua lilipokuwa utosini, nesi alifungua sanduku akanitazama. Kilikuwa kimebaki kichupa kimoja cha surua, na kwenye mstari walikuwepo watoto zaidi ya mara mbili ya wale ambao kingewatosha. Wakati huohuo akatokea mama mmoja wa Kisukuma, ametapakaa tope hadi kiunoni, na watoto wawili wadogo. Jamaa zake walichunga ng'ombe mbali sana, kwenye majani ya kuelekea Malinyi, na alikuwa ametembea tangu kabla ya alfajiri. Akasimama mwisho wa mstari.

Nesi alishika kile kichupa bila kukifungua.

“Haya, mchumi,” akasema. “Hapa ndipo penye kazi yako.”

Chuoni nilikuwa nimesoma sura nzima juu ya namna ya kugawa kitu kisichotosha. Nikiwa pale, na mstari ukinitazama, nilichokumbuka ni swali moja tu, nalo nikaliuliza kwa sauti. Nikawaambia wote ukweli, kwamba chanjo iliyobaki haitoshi, na kwamba Jumatatu nesi atafika na nyingine kwenye zahanati ya Michenga. Kisha nikauliza ni nani kati yao anaweza kufika Michenga siku hiyo, na ni nani ambaye akiikosa leo ameikosa mpaka mavuno.

Mbele ya mstari alikuwepo mama kijana mwenye mtoto wa kike aliyefungwa kilemba chekundu. Alikuwa amefika kabla ya wengi na alilijua hilo.

“Sisi tumewahi,” alisema. “Kuwahi nako si haki?”

Nikamjibu kwamba ni haki, na kwamba sina nguvu ya kumtoa kwenye nafasi yake, wala sitamtoa. Ninachotaka ni wao wenyewe waangalie nani ana njia nyingine na nani hana. Alimtazama yule mama wa Kisukuma, akatazama miguu yake, akamtazama mtoto wake mwenyewe. Kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyebanwa na jambo lake mwenyewe.

“Mimi Jumapili naenda Michenga kwenye ubatizo,” alisema. “Nitalala kwa dada yangu. Jumatatu nitakuwa pale mlangoni. Lakini mniandike, nisije nikaambiwa tena nimechelewa.”

Nikamwandika wa kwanza kwa Jumatatu. Alipotoka kwenye mstari nilidhani ataondoka, kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alirudi nyuma akaanza kuwahoji wenzake mmoja mmoja. Wewe si unakwenda ubatizo huohuo? Na wewe, si mama mkwe wako anakaa nyuma ya zahanati? Mmoja alijitetea kwamba hana nguo ya kwendea ubatizo, akaahidiwa kanga palepale mbele ya mashahidi. Mwingine alisema mtoto wake anaogopa zahanati, kila mtu akaangua kicheko kwa sababu mtoto huyo alikuwa amelala fofofo. Mstari ukajipanga upya wenyewe. Waliobaki walikuwa wale wa mbali, na mmoja ambaye mguu wake ulikuwa umevimba hawezi kutembea.

“Mayu, lete watoto,” nesi alimwita yule mama wa Kisukuma kwa lugha ya heshima ya kwao. Akaja. Watoto wake wote wawili hawakulia, jambo lililomshangaza nesi mpaka akawapima joto. Kile kichupa kiliisha chote. Hakuna kilichomwagwa siku ile, na nesi alikiinua kwenye mwanga wa jua kuhakikisha, akakibusu.

Jumatatu yule mama wa mtoto wa kilemba chekundu alikuwa mlangoni kama alivyoahidi, na alikuwa ameleta karibu wote aliowaondoa kwenye mstari. Wachache hawakuja. Nesi alizipata habari zao na akawachanja walipopita siku nyingine.

Nilipofanya hesabu zangu, safari ya mtumbwi yenyewe ilikuwa ghali kama nilivyojua itakuwa. Lakini watoto waliofikiwa walikuwa wengi kiasi kwamba kila mmoja aligharimu karibu sawa na mtoto wa Mkula wakati wa kiangazi, na kidogo sana kuliko mtoto wa Mkula wakati wa masika. Na kwa sehemu kubwa, mama wa Mkula wa masika alikuwa ndiye huyuhuyu, tumemkuta tu shambani kwake. Mganga mkuu alisoma ukurasa ule akacheka peke yake kwa muda, akaniagizia chai bila kuniuliza kama nataka.

Tulilipeleka jambo hilo kwa madiwani. Diwani mmoja wa barabarani alisimama akasema gari la watu wake linahamishwa kwa ujanja wa kalamu. Nikamweleza kwamba wapiga kura wake wenye watoto wachanga wako mashambani kuanzia mvua za kwanza, na sisi ndio tunaowafuata. Alikaa chini, kisha akauliza kama kwenye mtumbwi kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Sehemu ngumu ilikuwa ya wachungaji wa kule mbali. Niligeuza hesabu kila upande, hawakupungua gharama. Walikuwa wachache, mbali, na wanahama. Niliwaeleza madiwani hivyo bila kuficha. Mganga mkuu akaniuliza mbele ya watu wote:

“Kwa hiyo hesabu zinasema tusiende?”

“Zinasema ni ghali,” nilijibu. “Kwamba tusiende, hilo tutalisema sisi wenyewe, kwa midomo yetu. Na tukienda, tuseme pia nani atapunguziwa.”

Hakuna aliyetaka kulisema. Wakajadiliana mchana kutwa, wakaamua kliniki iende huko kila masika na kila kiangazi, hata kama ni ghali, kwa sababu watoto wale hawana mlango mwingine. Mafuta yakatolewa kwenye safari za mitaa ya mjini Ifakara, ambako mama anaweza kutembea kwa miguu hadi hospitali. Mmojawapo wa mitaa hiyo ulikuwa wetu. Shangazi yangu, aliyekuwa akilea mjukuu, alinijia nyumbani na ndala zilizokatika, akaziweka mezani kwangu, akaniuliza kama huko shule walinifundisha kuanza kuwanyima ndugu. Nilimwambia ndiyo, hasa ndugu wenye miguu mizima. Alicheka pasipo kutaka, akaondoka na ndala zangu.

Masika iliyofuata tulikuta wakulima wamejenga dungu la kliniki, pana, lenye benchi la magogo na boriti imara ya mizani. Mganga mkuu alikuja mwenyewe kuona. Alivuka kwa mtumbwi akijipepea kwa faili, nesi kando yake akimfundisha ule wimbo. Kazi ilipokwisha, wenyeji walimletea kambale mkubwa aliyekuwa bado anapiga mkia, na mchele. Alikataa kwa adabu, akisema sisi ni watumishi wa serikali. Wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kuwasha moto.

Akanigeukia akaniuliza, kwa uso wa mtu mwenye swali la kweli, samaki huyu ninamwandika wapi, kwenye gharama au kwenye faida. Nikamwambia ngoja kwanza tumwonje. Nesi alikuwa ameshanawa mikono.